Nahama, lakini intaneti ya nyumba ina jina langu

Shikamoo dada mshauri,

Naomba unifichie jina. Nina miaka 29, na mpaka sasa naishi kwa dada yangu mkubwa pamoja na mumewe na watoto wao wawili. Mwisho wa mwezi ujao nahamia mji mwingine kikazi. Chumba nilichopata kina intaneti tayari, imo ndani ya kodi, kwa hiyo sina haja ya kuhama na ya kwangu.

Shida ni kwamba intaneti ya hapa nyumbani iko kwa jina langu. Tulipotaka kuvuta faiba, ule waya unaopitisha intaneti kwa mwanga, miezi 15 iliyopita, mimi ndiye pekee niliyekuwa na hati ya mshahara, nikasaini. Mkataba ni wa miezi 24, kwa hiyo imebaki 9. Gharama ya kufunga hawakututoza, na ruta ni mali ya kampuni. Kwenye kifurushi hicho hicho kuna laini ya simu ya kulipia kila mwisho wa mwezi, nayo imesajiliwa kwangu. Mwanzoni niliitumia mwenyewe, baadaye nikampa dada. Dada anashona nguo nyumbani, na wateja wake wote sasa wanampata kwa namba hiyo. Tatizo jingine ni kuwa akaunti yangu ya benki na barua pepe yangu nilizifungua kwa namba hiyo hiyo. Nikitaka kuingia, namba za uthibitisho zinaingia kwenye simu ya dada, inabidi nimwombe anisomee.

Shemeji anasema nisijisumbue. "Acha jina lako lilivyo, mimi nitakuwa nalipa." Ni mtu mwema na sitaki kumsema vibaya, amenilea kama mdogo wake. Lakini tulikubaliana achangie nusu ya bili, na zaidi ya mara moja fungu lake limechelewa mpaka nikajazia mimi. Kuna wakati huduma ilikatwa nikiwa safarini, na ujumbe wa kudaiwa uliingia kwangu, si kwake.

Nilipopiga huduma kwa wateja, mhudumu wa kwanza alisema ni jambo dogo, nibadilishe tu akaunti inayokatwa malipo iwe ya shemeji. Nikapiga tena, wa pili akasema hapana: kuna fomu ya kubadilisha mmiliki, twende wote wawili na vitambulisho, deni liwe sifuri, na anayepokea akaguliwe rekodi yake ya mikopo. Nilipomweleza shemeji habari ya ukaguzi, uso ulimbadilika. Akaniuliza, "Kwani huniamini?" Tangu hapo tukisalimiana tumemaliza. Mimi nahisi ana deni la zamani mahali na anaogopa lijulikane. Dada naye aliniita pembeni akanisihi nisivuruge amani ya nyumba kwa ajili ya bili, eti ni miezi 9 tu.

Nikivunja mkataba, kuna faini, watoto wanaotumia intaneti kwa masomo wataumia na dada atapoteza namba. Nikiuacha, jina langu linabaki kwenye nyumba nisiyoishi, na mwakani nataka kuomba mkopo. Nimefika mahali pa kufikiria nihame kwanza, halafu baada ya muda nizime huduma kimya kimya, wapende wasipende wafungue ya kwao. Najua si uungwana. Lakini sioni njia ambayo haimuumizi mtu.

Nisaidie mawazo.

Jina Kwenye Bili

* * *

Marahaba, mdogo wangu.

Ulivyoeleza ni kwamba unatoka kwenye nyumba iliyokulea, na unataka kutoka bila deni na bila ugomvi. Unaona kila mlango una mtu nyuma yake atakayeumia: shemeji heshima, dada kazi, watoto masomo, wewe jina. Na kwa kuwa umechoka kuwaza, umefika kwenye wazo la kuzima kimya kimya, ambalo wewe mwenyewe hulipendi.

Kabla ya kuchagua njia, tutenganishe vitu vitatu ambavyo nyumbani kwenu vimekuwa kitu kimoja. Kuna anayetumia, kuna anayelipa, na kuna anayedaiwa. Anayetumia ni nyumba nzima. Anayelipa anaweza kuwa yeyote, hata jirani. Anayedaiwa ni mmoja tu, aliyesaini. Mhudumu wa kwanza hakukudanganya, ila alijibu swali ambalo hukuliuliza. Kubadilisha akaunti inayokatwa malipo kunabadilisha anayelipa. Siku makato yakigonga mwamba kwa sababu akaunti ya shemeji haina kitu, kampuni haitamtafuta shemeji, itakutafuta wewe. Mhudumu wa pili ndiye aliyekuwa anazungumzia kubadilisha anayedaiwa, ndiyo maana masharti yake yalikuwa mengi: kampuni haiwezi kulazimishwa kumpokea mdaiwa mpya bila kumkubali, hata kama ninyi wawili mmeandikiana na kuwekeana mashahidi.

Sasa niruhusu nitilie shaka mambo mawili matatu uliyoyachukulia kuwa yameshathibitika.

La kwanza ni hilo deni la shemeji. Huenda lipo. Lakini mtu anaweza kukwepa ukaguzi kwa sababu nyingi zisizo za aibu. Kitambulisho kimeisha muda. Jina kwenye kitambulisho haliendani na la benki. Analipwa kwa kila kazi anayoipata, hana hati ya mshahara, na wewe mwenyewe umesema ulisaini kwa sababu ulikuwa nayo peke yako. Au hana bili hata moja yenye anwani ya nyumba kwa jina lake. Mtu mzima akisikia kwa mdogo wake kwamba "watakuchunguza", anasikia jambo tofauti na ulilosema. Ukaguzi wenyewe kwa kawaida unatazama kama ana madeni yaliyoshindikana kulipwa na kama kipato kinatosha ada, na majibu anapewa yeye, si wewe. Anaweza kwenda mwenyewe, akauliza mwenyewe, akarudi na neno moja tu: inawezekana au haiwezekani. Kampuni nyingine humkubali asiye na rekodi nzuri kwa kuweka amana, mara nyingi sawa na ada ya mwezi mmoja au miwili. Inafaa aliulize hilo kabla hajakata tamaa, maana wahudumu hawalitaji wenyewe.

La pili, unadhani mpokeaji lazima awe shemeji kwa sababu ndiye aliyejitolea kulipa. Lakini anayeishi na hiyo namba kutwa nzima ni dada. Nitarudi hapo.

La tatu, unaamini kwamba fomu ikishasainiwa umekuwa huru. Inategemea fomu inasema nini. Zipo zinazokuachia huru kabisa kuanzia tarehe fulani, na zipo zinazokubakiza kama mdhamini iwapo mpokeaji hatalipa. Tafuta sentensi inayosema kwamba madai yote yatakayotokea baada ya tarehe ya kuhamisha ni ya mmiliki mpya peke yake. Kama haipo, uliza kwa maandishi. Barua pepe yenye jibu la "ndiyo" ina thamani kuliko mazungumzo ya nusu saa kwenye simu.

Nianze na njia wanayoitaka wao, ya kuacha jina lako. Isiitwe ujinga, familia nyingi zinaishi hivyo na mambo yanakwenda. Hatari zake ni hizi: bili ikichelewa, rekodi inayochafuka ni yako, na mwakani benki unayoiomba mkopo haitauliza nani alikuwa anatumia intaneti. Mtu akifanya uhalifu kupitia muunganisho huo, hata mgeni wa watoto, anayeulizwa kwanza ni mwenye akaunti. Mkataba ukifika mwezi wa 24 huenda ukajiongeza wenyewe usipotoa taarifa mapema, na taarifa hiyo mara nyingi hutakiwa siku 30 kabla. Kuna pia usumbufu ambao dada hajauona bado: waya ukikatika, fundi anaweza kukataa kuja mpaka mwenye akaunti apige simu na kujibu maswali ya usalama. Utakuwa kazini mji mwingine, watoto wana mtihani, na kila kitu kinakusubiri wewe.

Ukiamua kubaki humo kwa hiyo miezi 9, kuna namna ya kupunguza makali. Omba shemeji au dada aandikwe kwenye akaunti kama mtu aliyeidhinishwa, ili aweze kuita fundi na kuuliza bili bila wewe. Shusha kifurushi hadi cha chini kinachotosha, na ufunge nyongeza zote zinazoweza kupandisha bili ghafla: chaneli za kununua, simu za kimataifa, intaneti ya ziada kwenye laini. Laini ya kulipia mwisho wa mwezi iwekewe kikomo cha matumizi. Halafu fikiria pesa ipite wapi. Shemeji akilipa kampuni moja kwa moja, utajua hakulipa siku ujumbe wa deni utakapoingia, yaani umechelewa. Akikutumia wewe siku 5 kabla ya tarehe ya mwisho na wewe ukalipa, utajua mapema, ila utakuwa umejipa kazi ya kumdai shemeji kila mwezi, na sina hakika uhusiano wenu unataka hilo. Wengine huomba ada ya miezi miwili itangulie, ikae kama akiba, na kila mwezi ijazwe. Karatasi ya makubaliano kati yenu itawasaidia kukumbushana, ila haimfungi mtoa huduma hata kidogo.

Njia ya pili ni kubadilisha mmiliki. Hapa utaratibu ndio kila kitu, na makosa mengi yanatokana na neno moja linalosemwa kwenye kaunta. Usiseme unataka "kusitisha na mwingine aendelee". Mhudumu mwenye haraka atafunga akaunti yako na kufungua mpya. Kwenye faiba, kile kisanduku cha ukutani ambacho waya mwembamba unaingia kimesajiliwa kwenye akaunti kwa namba yake ya utambulisho. Akaunti ikifungwa, usajili unafutwa, na nyumba inaweza kukaa bila intaneti mpaka mtu wa kampuni akiunganishe upya. Faini ya kuvunja mkataba nayo inaweza kujitokeza kwenye bili yako ya mwisho, kwa sababu kwenye mfumo wao umevunja. Na namba ya simu iliyokuwa ndani ya kifurushi inaweza kuondoka nayo. Sema unabadilisha mmiliki wa akaunti iliyopo, huduma isikatike, na vifaa vibaki palepale. Usichanganye pia na kuhamisha huduma, ambako mmiliki ni yuleyule ila anwani inabadilika. Fomu zake ni nyingine.

Mtakapokwenda, wewe beba kitambulisho, namba ya akaunti, na bili ya mwisho iliyolipwa. Mpokeaji abebe kitambulisho, uthibitisho wa anwani, uthibitisho wa kipato kama wanautaka, na taarifa za akaunti itakayokatwa malipo. Wewe ukiwa umeshahama, kampuni nyingine hukubali saini ya mbali au barua ya kumwidhinisha mtu, nyingine hazikubali kabisa, kwa hiyo ni nafuu kulimaliza ukiwa bado hapo. Piga picha karatasi iliyobandikwa chini ya ruta na ile ya kisanduku cha ukutani, namba zote zisomeke, na hakikisha namba hizo ndizo zilizoandikwa kwenye fomu. Vifaa ni mali ya kampuni. Fomu ikikosea namba, miaka miwili baadaye unaweza kudaiwa ruta ambayo iko sebuleni kwa mtu mwingine.

Kabla hamjasaini, mpokeaji aulize maswali manne. Je, anaendelea na miezi 9 iliyobaki, au muda unaanza upya kwa miezi 24? Kuna kampuni zinazoanza upya, na mtu akigundua baada ya kusaini anahisi amechezewa na ndugu, si na kampuni. Je, bei inabaki, au ile punguzo ya kuanzia inaondoka na wewe? Kuna ada ya kubadilisha jina, na nani anailipa? Na tarehe ya kuanza ni ipi? Ikiangukia katikati ya mwezi wa bili, mtapata vipande viwili, chako na chake, na watu wengi hulipa kipande kimoja wakidhani wamemaliza. Tarehe iliyo rahisi ni siku ya kwanza ya mzunguko mpya wa bili.

Makato yako ya moja kwa moja usiyafute siku hiyo. Subiri bili ya mwisho ije, ilipwe, ndipo ufute.

Mtu wa nyumbani aambiwe pia asiguse kile kitundu kidogo cha ruta kilichoandikwa reset. Baadhi ya ruta zina jina la mtumiaji na nenosiri la muunganisho ndani yake, na kukibonyeza kwa sekunde 10 au zaidi kunafuta vyote. Intaneti inapotea, na kila mtu anasema "ameikata alipohama". Siku za mabadiliko, mfundishe dada kutazama taa za kile kisanduku cha ukutani. Taa ya LOS ikiwa nyekundu, mwanga haufiki kwenye kisanduku: waya umekunjika, umechomoka au umekatika huko nje, na haihusiani na jina la nani. LOS ikiwa imezimika, taa ya PON, inayoonyesha kwamba kisanduku kimeungana na kampuni, imetulia, lakini intaneti haipo, mara nyingi kosa liko kwenye akaunti au kwenye taarifa za kuingilia, na hapo ndipo apige simu ataje mabadiliko ya mmiliki. Tofauti hiyo ndogo inaweza kuwaokoa ninyi watatu na lawama za wiki nzima.

Sasa turudi kwa dada. Mkataba unaweza kwenda kwake badala ya kwa mumewe. Kwa upande mmoja inaingia akilini: yeye yuko nyumbani, fundi akija anamkuta, na namba ya kazi ni yake. Kwa upande wa pili, jiulize kama utakuwa umelitatua tatizo au umelihamishia kwa mtu unayempenda zaidi. Kama bili zitaendelea kuchelewa, rekodi itakayochafuka itakuwa yake, na biashara yake ndogo labda siku moja itahitaji mkopo. Muulize akiwa peke yake, na si kwa kumshawishi. Muulize pia ada hiyo ataitoa wapi mwezi ambao mumewe hana. Akikuambia "nitaitoa kwenye cherehani", umepata jibu la maana kuliko fomu.

Njia ya tatu ni kuvunja mkataba waziwazi, kwa kukubaliana. Faini unaiogopa, lakini barua yako haisemi ni kiasi gani, na bila kiasi hicho unaogopa kitu usichokijua. Fungua mkataba utafute kipengele cha kusitisha kabla ya muda. Kuna wanaodai ada yote ya miezi iliyobaki, kwako ni mara 9. Kuna wanaodai sehemu tu ya ada hizo. Kuna wanaodai kurudishiwa gharama ya kufunga ambayo hawakukutoza, ikigawanywa kwa miezi: umebakiza 9 kati ya 24, kwa hiyo ni asilimia 37.5 ya gharama hiyo, na kila mwezi unaopita inapungua. Tofauti kati ya hesabu hizi ni kubwa sana. Omba kiasi kamili kwa maandishi, kwa tarehe unayokusudia kuondoka, kisha kaa nacho mkononi kabla ya kuzungumza na mtu yeyote.

Njia hiyo inaweza kwenda pamoja na nyingine: wao kufungua huduma ya kulipia kabla, ile unayonunua muda ndipo unatumia. Mara nyingi haina ukaguzi wa mikopo kwa sababu hakuna anayekopeshwa. Kama kweli shemeji ana jambo lake, hapa halitafunuliwa na mtu. Ubaya wake ni kwamba kasi au kiwango cha matumizi kinaweza kuwa kidogo, na siku pesa haipo, intaneti haipo, hakuna siku za neema. Ila deni nalo halipo. Wakichagua hivyo, huduma mpya iunganishwe na ijaribiwe kwanza, ndipo ya zamani isitishwe. Foleni ya ufungaji inaweza kwenda wiki kadhaa, na wewe una mwezi mmoja na siku.

Kuhusu laini ya simu, mdogo wangu, hapo naomba utulie zaidi, kwa sababu ndipo penye hatari ambayo hamuizungumzii. Namba hiyo leo ni ufunguo wa benki yako na barua pepe yako. Ukimhamishia dada kabla ya kujitoa, umemkabidhi ufunguo kisheria. Na dada hana ubaya, lakini simu huibiwa. Chukua karatasi uandike kila mahali ulipowahi kuweka namba hiyo: benki, barua pepe, akaunti ya pesa kwenye simu, mitandao, programu za ujumbe, mwajiri, bima. Anza na barua pepe, kwa sababu akaunti nyingi nyingine hurejeshwa kupitia hiyo, kisha benki. Badilisha moja, toka, ingia tena, hakikisha namba ya uthibitisho imefika kwenye laini yako mpya, ndipo uende ya pili. Benki nyingine hutaka ufike mwenyewe, au huzuia miamala mikubwa kwa muda baada ya kubadilisha namba, kwa hiyo usilifanye siku ya kulipa kodi ya chumba kipya. Kama kuna akaunti ya pesa iliyounganishwa na laini hiyo, salio litolewe lote na akaunti ifungwe. Hiyo iko kwa kitambulisho chako, na kubadilisha mmiliki wa laini hakuihamishi peke yake. Kwenye programu ya ujumbe tumia sehemu ya kubadilisha namba, usifungue tu upya kwenye laini nyingine, la sivyo makundi yako yataendelea kuishikilia namba ya dada kana kwamba ni wewe.

Na kuna upande wa dada. Anapokusihi uache jina lako, sidhani kama amefikiria simu yake ikianguka majini. Kadi ya laini iliyosajiliwa kwako, anayetakiwa kwenda kuiomba upya ni wewe, kwa kitambulisho chako. Wateja wake watapiga namba isiyopatikana mpaka upate ruhusa kazini na nauli. Mwambie hili kwa upole, si kama kitisho. Huenda ndilo litakalombadilisha kutoka kukuombea usubiri hadi kukuomba mwende pamoja. Laini inaweza kutengwa na kifurushi na kupewa jina lake hata kama intaneti inabaki kwako. Mtapoteza punguzo la kununua pamoja, na mkokotoe kama punguzo hilo lina thamani ya usumbufu. Akipenda kwenda nayo mtandao mwingine, laini ibaki hai na bila deni mpaka uhamisho ukamilike. Laini iliyokwisha kufungwa mara nyingi haihamishiki tena, na baada ya muda namba hupewa mgeni.

Lile wazo la kuzima kimya kimya, sitakukemea kwa ajili yake. Lilitoka kwa mtu aliyechoka kuwa katikati. Nitakuonyesha tu linavyokwenda. Faini inabaki yako. Ruta inatakiwa irudishwe kampuni, la sivyo unatozwa bei yake, na ruta iko kwao, kwa hiyo itabidi upige simu kumwomba shemeji uliyemzimia akufungie kifaa na kukipeleka. Na namba ya dada inakufa siku hiyo hiyo.

Kuhusu mazungumzo na shemeji, swali lake la "huniamini?" halijajibiwa bado, ndiyo maana salamu zimekuwa fupi. Usilijibu kwa kujitetea wala kumshtaki. Unaweza kusema ukweli wako mwenyewe, kitu kama: "Shemeji, nyumba hii imenilea na sijasahau. Mwakani naomba mkopo, na benki watahesabu kila mkataba wenye jina langu. Nimeuliza, kuna njia ya kubadilisha mmiliki, kuna ya kulipia kabla, na kuna ya kuacha hivi kwa masharti. Hata wewe ungekuwa unanilipia mapema kila mwezi, ningekuja na swali hili hili." Kisha nyamaza. Mpe siku chache, na umpe njia ya kuchagua ambayo haimlazimu kukueleza mambo ya mfukoni mwake. Kama bado ni vigumu kwake kukusikia, dada anaweza kulipeleka, lakini mpe dada namba kamili: miezi 9, ada ni hii, faini ni hii. Akienda na hofu peke yake, atarudi na "acha tu".

Una mwezi na siku kadhaa, na kuna mambo ambayo unaweza kuyafanya wiki hii bila kumgusa mtu: kuhamisha benki na barua pepe kwenye laini mpya, kuomba kiasi cha faini kwa maandishi, kuomba nakala ya fomu ya kubadilisha mmiliki uisome nyumbani, na kupiga picha zile namba za vifaa. Hayo yanakufaa kwa njia yoyote mtakayoichagua.

Mkibadilisha mmiliki, baada ya mwezi mmoja jaribu kuingia kwenye akaunti ya zamani. Inapaswa ikukatalie au ionyeshe sifuri. Dai amana yako kama uliweka wakati wa kusaini, maana mara nyingi hairudi bila kuombwa. Jiondoe kwenye programu ya simu inayosimamia ruta, na mmiliki mpya abadilishe nenosiri la waifai na la kuingilia kwenye ruta yenyewe. Ile barua ya uthibitisho yenye tarehe ya kuhamisha iweke na nyaraka zako za mkopo, kwa sababu kama bili ya mwezi wa pili itakuja kwa bahati mbaya kwa jina lako, ndiyo utakayoambatisha kwenye malalamiko.